Ngeli za Mashujaa: Mwindo, Liongo na Michezo ya Kuigiza ya Mezani

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, huenda likaonekana dogo mno kwa jarida la taaluma: namna michezo ya kuigiza ya mezani inavyowagawa mashujaa wake katika aina na matawi. Michezo yenyewe ni ya kubuni. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, msimamizi, huisimulia dunia ya ajabu yenye misitu, majoka na miji iliyosahauliwa. Kila mmoja wa waliosalia humwongoza mhusika wake na kueleza atendalo. Na pale penye shaka kama tendo litafaulu au la, dadu hurushwa. Kwa ufupi, ni hadithi inayotungwa na wengi kwa wakati mmoja, chini ya sheria zilizoandikwa. Mtu aliyelelewa na fasihi simulizi hawezi kuiona kuwa jambo geni kabisa.

Swali tunalolichunguza ni hili: ikiwa tunataka kuongeza katika michezo hiyo matawi mapya ya mashujaa yanayotokana na fasihi zetu, tuchukue nini na tuache nini? Hoja yetu ni kwamba ni rahisi mno kuchukua majina na silaha na kuacha uhusiano. Ilhali katika fasihi zetu uhusiano ndio unaomfanya shujaa awe shujaa.

Swali hili hatukulipata maktabani. Katika likizo moja, huko Luvungi, kwenye Bonde la Ruzizi, kando ya barabara iendayo Uvira, tulijaribu kuwaelekeza wanafunzi sita wa sekondari mchezo wa namna hiyo, kwa dadu moja ya kawaida na sheria tulizozifupisha katika ukurasa mmoja. Wavulana walichagua upesi: huyu mpiganaji, yule mtumia sihiri. Msichana mmoja aliusoma ukurasa ule mara mbili, kisha akauliza: "Mwalimu, huyu shujaa shangazi yake ni nani?" Tukamjibu kuwa sheria hazisemi. Akasema: "Basi akianguka huko, nani atajua?" Wenzake walicheka, nasi tukacheka nao. Baadaye tulitambua kuwa alikuwa ameligusa swali ambalo utendi wa Mwindo ulikwisha kulijibu.

2.0 Tatizo la istilahi

Kabla ya kuhakiki hatuna budi kutaja vitu kwa majina yake. Watunzi wa michezo hiyo hutumia neno moja la Kiingereza ambalo humaanisha pia darasa la shule, tabaka la jamii na hata ngeli ya nomino. Mfasiri akichagua "tabaka", msomaji wa uhakiki wa Kiswahili, aliyezoea mjadala wa matabaka tangu miaka ya 1970, atafikiri mara moja juu ya mabwanyenye na wavujajasho. "Daraja" nalo linadokeza juu na chini, ilhali michezo hiyo ina viwango vyake vya kupanda mbali na mgawanyo huu. "Aina" halina kosa, lakini halisemi kitu. "Kazi" linakaribia, ila shujaa si mwajiriwa.

Sisi tunapendekeza "ngeli", na kwa kigawanyo cha ndani yake, "tawi". Pendekezo hili si la mzaha wa mwanaisimu. Ngeli haijulikani kwa kulitazama umbo la nomino peke yake. Nomino "kiti" na "kipofu" zote huanza kwa ki-, lakini husema "kiti kimevunjika" na "kipofu amefika". Kinachoiweka nomino katika ngeli yake ni upatanisho: yaani namna inavyovibadilisha vitenzi, vivumishi na viashiria vinavyoizunguka. Nomino isiyopatanishwa na kitu chochote haina ngeli inayoweza kuthibitishwa.

Tukiuchukua mfano huu kwa uzito wake, ngeli ya shujaa nayo isingetambuliwa kwa silaha aliyoishika, bali kwa swali hili: anapotenda, nani mwingine hubadilika? Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia. Hatudai kuwa ni kipya. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliotoka mwaka 1928, alikwisha kuonyesha kuwa wahusika wa ngano hutambulika kwa mawanda ya matendo yao katika hadithi nzima, si kwa sura wala mavazi yao.

3.0 Ngeli za mezani: historia fupi na tathmini

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa ulikuwa Dungeons & Dragons, kazi ya Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Ulikuwa na ngeli tatu tu: mpiganaji, mtumia sihiri na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 matawi yalikuwa yamekwisha kujitokeza: mwenye kiinimacho chini ya mtumia sihiri, mlinzi wa mwituni chini ya mpiganaji, muuaji wa siri chini ya mwizi. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilikuwa na ngeli 12, na kila ngeli ilimtaka mchezaji achague tawi. Kitabu cha mwaka 2024 kimepanga matawi manne kwa kila ngeli, yaani 48 kwa jumla, nayo yote huchaguliwa mhusika afikapo kiwango cha tatu.

Mfumo huu una sifa zake, na mhakiki asiyeziona hatendi haki. Kwanza, humpa mchezaji mwenye haya mahali pa kuanzia: asiyejua la kusema anajua walau la kutenda. Pili, hulilazimisha kundi lisaidiane, kwa kuwa mpiganaji hawezi kuponya na kasisi hawezi kufungua kufuli. Tatu, si kweli kwamba uhusiano haumo kabisa. Katika toleo la tano imo ngeli ya mtumia sihiri aliyefanya mkataba na kiumbe mwenye nguvu, na matawi yake hutofautishwa kwa kiumbe huyo. Kasisi naye ana mungu wake.

Hata hivyo, ukiyasoma matawi hayo utaona kuwa sehemu kubwa ya kila moja ni orodha ya mambo ambayo mhusika anaweza kuyafanya peke yake, na orodha hiyo hurefuka tu. Ni nadra kufupika. Mwenye mkataba hupata nguvu zake hata kama mchezo mzima utakwisha bila ya mwenzake wa mkataba kutajwa. Aidha, tangu mwanzo njia kuu za kupanda kiwango zimekuwa kuyaua mazimwi na kujipatia hazina. Kundi nalo ni ushirika wa mafundi: kila mmoja huleta chombo chake, kazi ikiisha wanaweza kuachana, na sheria hazitapoteza kitu.

Mtu anaweza kusema kuwa kasoro hiyo ni ya asili ya mchezo, na kwamba dawa yake ni kuutia Uafrika. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2002 shirika la uchapishaji la Atlas Games la Marekani lilitoa Nyambe: African Adventures, kitabu cha Christopher Dolunt kinachoipeleka michezo hiyo katika bara la kubuni lililojengwa kwa visaasili vya Afrika. Tunakipongeza kwa kukataa picha ya Afrika iliyo msitu mtupu unaosubiri mgeni wa kuuvumbua. Lakini chini ya sheria zake ngeli zilibaki zilezile, zikavishwa majina yetu. Humo mtumia sihiri anaitwa "mchawi". Msomaji wa Kiswahili hushtuka hapo. Mchawi na mganga wanaweza kuchuma mti mmoja, saa moja, kwa mkono uleule wa kulia. Kinachowatenga si dawa, bali ni jirani: mmoja humjia jirani mchana akiitwa, mwingine humwendea usiku bila ya kuitwa. "Mchawi" basi si jina la ujuzi. Ni jina la uhusiano uliovunjika. Kulifanya kuwa jina la ujuzi ni sawa na kuandika "kipofu kimefika": kiambishi kimeonekana, upatanisho umepotea.

4.0 Mwindo kama kipimo

Utendi wa Mwindo ni wa Wanyanga, ambao makao yao ni misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Nakala inayojulikana zaidi ilinakiliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Bese kutoka kwa manju Shekarisi Rureke, ambaye aliusimulia, akauimba na kuuigiza kwa siku 12, akisindikizwa na vijana wapigao midundo kwa vijiti. Maandishi ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza yalitolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene ni mwanaisimu mwenyeji wa lugha hiyo, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa matoleo mengine ya utendi huo. Hapa tunashikamana na lile la Rureke.

Tukimtazama Mwindo kwa macho ya mchezaji wa mezani, tutaona neema tupu. Anazaliwa akitembea na kusema. Amekuja duniani na usinga, ambao Wanyanga huuita konga, pamoja na tezo na mkoba wenye kamba. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alikuwa ameamuru wake zake wazae mabinti tu. Hivyo anajaribu kumwua, na hatimaye anamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anaponea, analipiza, anashuka kuzimu kumfuata baba yake aliyetoroka. Mpiganaji? Mtumia sihiri? Mchezaji angesita kidogo, kisha angeandika vyote viwili.

Tutumie sasa kipimo cha upatanisho. Je, Mwindo anapotenda, nani mwingine hubadilika? Ngoma inayoelea haimpeleki vitani, bali inampeleka kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na Mukiti, nyoka wa majini. Mwili wake unapata nguvu ya chuma kwa sababu wajomba zake, ambao ni popo wahunzi, wanamfua. Tubondo inaangamia kwa radi za Nkuba, bwana wa umeme, kwa kuwa Mwindo anamwomba. Huko kuzimu, kwa Muisa, anaokolewa kwanza na maneno ya Kahindo, binti mwenye buba, anayemwonya asikubali kiti wala chakula atakachopewa. Zaidi ya yote, anaposhuka anamwachia shangazi yake ncha moja ya kamba: kamba ikitulia, ajue kuwa mpwa wake amekufa. Na kwa kweli inatulia, na Iyangura anajua. Yule msichana wa Luvungi aliuliza nani atajua. Jibu limo katika kamba hiyo.

Kuna tukio jingine linalowahusu wachezaji moja kwa moja. Ili ampate baba yake, Mwindo analazimika kucheza kamari ya mbegu na Sheburungu. Anapoteza karibu kila kitu, kisha kwa usinga anashinda na kukomboa vyote. Utendi huu basi unaujua mchezo na unaijua bahati. Lakini aliyeshinda hamwui baba yake. Anarudi naye nyumbani, wafu wa Tubondo wanafufuliwa, Shemwindo anakiri kosa mbele ya watu, na nchi inagawanywa kati ya baba na mwana.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoupinga mfumo wa viwango kwa nguvu zaidi. Mwindo, sasa akiwa mtawala, analiua joka Kirimu lenye vichwa saba, lililowameza watu wake. Katika mchezo wa mezani hiki kingekuwa kilele, na thawabu yake ingekuwa nguvu mpya. Katika utendi ni kosa, kwa sababu Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Nkuba anamchukua Mwindo juu mbinguni, na kwa mwaka mzima anateswa na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota. Anarudishwa akiwa na mwiko: asiue tena mnyama yeyote. Ndipo anapowapa watu wake sheria za kuishi pamoja. Hivyo kiwango cha juu kabisa cha shujaa huyu si uwezo alioongezewa, bali ni jambo alilokatazwa.

5.0 Matawi matatu tunayopendekeza

Kutokana na uchambuzi huo tunadiriki kupendekeza matawi matatu. Tunayaeleza kwa ufupi, kwa namna ambayo meza yoyote inaweza kuyajaribu.

5.1 Tawi la Usinga. Mhusika huanza akiwa na chombo alichozaliwa nacho. Kabla ya mchezo kuanza, mchezaji humchagua mchezaji mwingine awe mshika kamba, yaani shangazi yake au mtu wa daraja hilo. Chombo hufanya kazi maadamu mshika kamba anakubali. Akikataa kwa sababu aliyoitaja waziwazi, usinga ni mkia wa mnyama tu. Katika kila hatua kubwa mhusika hupata uwezo mmoja na mwiko mmoja, na katika kiwango cha mwisho hupata mwiko peke yake.

5.2 Tawi la Fumbo. Hili linatoka pwani, kwa Fumo Liongo, ambaye habari zake zilitungiwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liongo alikuwa mpiga upinde na mshairi. Akiwa kifungoni, hakutoka kwa nguvu zake, bali kwa wimbo wa mafumbo aliompa kijakazi Saada ampelekee mama yake. Mama akaelewa, akaficha tupa ndani ya mkate. Sheria yake ni kwamba mchezaji atunge fumbo kwelikweli hapo mezani, na mwenzake alifumbue. Lisipofumbuliwa, tendo limeshindwa, na dadu haliwezi kulisaidia. Aidha, kwa kuwa Liongo aliuawa na mwanawe aliyeijua siri ya kitovu, udhaifu wa mhusika wa tawi hili uandikwe na mchezaji mwingine, naye autunze.

5.3 Tawi la Shekarisi. Manju amekuwamo katika michezo hii kwa miaka mingi, akiwa mwimbaji anayewatia wenzake moyo. Rureke hakuwa hivyo tu. Alihitaji wapiga vijiti na waitikiaji; bila ya hao usimulizi usingekuwapo. Katika tawi hili mhusika anaweza kusimamisha mchezo na kulisimulia upya tendo la mwenzake lililokwisha kupita. Hawezi kubadili lililotokea. Lakini wote wakiitikia, mwenye tendo hupata nguvu. Wakinyamaza, msimulizi ndiye anayepungukiwa.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la umiliki. Mwindo si wa Wafuliiru wa Luvungi, na si wa Waswahili. Kwa nini basi sisi tumfanyie mchezo? Tunakubali uzito wa hoja hii. Ndiyo maana hatukupendekeza tawi liitwalo Mwindo, ambalo mchezaji yeyote angelivaa kama kanzu ya kuazima. Tulichokichukua ni kanuni, na jina la wenyewe tumelitaja.

Pingamizi la pili ni la wachezaji: kwamba mtu huja mezani ili ajisahau, si ili aombe ruhusa kwa shangazi. Hili tulilishuhudia. Siku ya pili huko Luvungi tuliongeza kanuni ya kamba katika ukurasa wetu. Mchezo ulikwenda polepole zaidi, na mvulana mmoja alilalamika kuwa mpiganaji wake amefungwa miguu. Alipotumbukia shimoni, hata hivyo, alikuwa wa kwanza kumgeukia mshika kamba. Hatudai kuwa tukio moja ni ushahidi. Tunasema tu kuwa ugumu aliouona ndio maudhui yenyewe: utendi mzima ni habari ya kijana mwenye nguvu anayefungwa miguu, kidogo kidogo, na watu wanaompenda.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko hayo, nalo ni kwamba haya yote ni anasa. Bonde la Ruzizi limeona vita tangu mwaka 1996, na limeona vijana wengi wenye bunduki, walioitwa mashujaa na wengine na mazimwi na wengine. Kuna faida gani kujadili matawi ya mashujaa wa kubuni? Hatuamini kuwa mchezo huleta vita au huleta amani. Lakini mtoto wa bonde hili atakutana na wazo la ushujaa, tupende tusipende, na mara nyingi atakutana nalo katika umbo lake fupi kabisa: aliyeua zaidi amepanda zaidi. Wanyanga walikuwa na jibu refu zaidi, la siku 12. Mhakiki ambaye kazi yake ni kuonyesha tofauti kati ya maumbo hayo mawili hajakimbilia anasa.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa ngeli za michezo ya mezani zimejengwa juu ya umbo la shujaa, si juu ya upatanisho wake. Kuwa kubadili majina peke yake hakurekebishi kasoro hiyo, kama neno "mchawi" lilivyotuthibitishia. Na kuwa tendi za Mwindo na Liongo zina kanuni zinazoweza kuandikwa kama sheria za mchezo na kujaribiwa na yeyote. Matawi yetu matatu ni mepesi na yana mapengo. Hatukugusa mashujaa wanawake, ingawa Iyangura na Kahindo wanastahili matawi yao wenyewe, wala hatukugusa tendi za Walega na za majirani zao wengine. Tunawaomba wenzetu na wanafunzi wa fasihi simulizi wayajaribu matawi haya darasani, wayapinge panapostahili, na wanapobuni shujaa mpya waanze na swali lililoulizwa Luvungi, kabla hawajamwuliza ana silaha gani.